Kiatu cha Mbio Kilichopikwa Juani

Ndugu zangu mliobaki pale kaunta, na wewe Wambui kwanza kabisa, maana ndiwe uliyenisumbua mpaka nikashika kalamu: haya, nimeandika. Mlitaka kujua jinsi nilivyojifunza kupima na kufunga viatu vya waendesha baiskeli za mbio, mimi niliyeingia Doha kufagia. Nani alipandishwa cheo lini na nani alipata kiasi gani, hayo mkaulize ofisini, wana mafaili. Mimi nina habari za miguu. Na katika miguu yote niliyoishika kwa miaka kumi na sita, upo mmoja unaonifanya nicheke peke yangu hapa Tanga mpaka mke wangu anatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ni mguu wa kulia wa Nakato, yule binti wa Jinja aliyekuwa na Ijumaa moja tu ya kuingia timu, na hakuna kiatu cha dukani kilichomkubali. Lakini ili mwelewe nilivyoushika mguu ule, lazima nianze nilipoanzia.

Nilifika mwaka 2003. Nyumbani nilikuwa mshona makubadhi, kazi ya baba yangu, na pasipoti yangu iliandikwa fundi ngozi, lakini duka lile la baiskeli la mtaa wa Al Sadd lilikuwa na mafundi tayari, kwa hiyo nikapewa ufagio. Siku ya kwanza nilimsalimia mteja wa Kiqatari kwa Kiarabu changu cha chuoni, cha madrasa, kile cha irabu zote na adabu zote. Alinitazama kana kwamba ufagio ndio uliosema. Kisha akacheka, akamwita rafiki yake, akaniomba niseme tena. Kwa wiki nzima nilikuwa mtu maarufu pale dukani kwa sababu ya kuomba watu wanipishe nipige deki kwa lugha ya mimbarini.

Aliyenitoa kwenye ufagio ni Rey, fundi wa Kifilipino, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniona nikishona kiatu cha mteja kilichoachia ubavuni, kwa uzi wa nta, mishono midogo ya makubadhi. Akakigeuza, akakinusa, sijui kwa nini, akasema, "Kuanzia kesho unakaa hapa." Hapa palikuwa ni kijibenchi chake, chini ya kiyoyozi kilichokuwa kikitudondoshea maji shingoni. Mimi na kiyoyozi kile hatukuwahi kupatana. Rey alisema Kiingereza chake, mimi nikasema Kiarabu changu, tukakutana katikati kwenye ile lugha ya Ghuba ambayo kila mtu anaiongea na hakuna aliyezaliwa nayo. Nikitafsiri, alinifundisha hivi.

Kiatu cha mbio si kiatu, ni sehemu ya baiskeli iliyovaliwa na mtu. Soli yake ni kaboni, ngumu kama sahani, ili nguvu ya mguu isipotee kwa kukunjika. Chini yake kuna kipande cha plastiki kinachonasa kwenye pedali, sisi tunakiita kliti. Kliti ikikaa vibaya kwa unene wa ukucha, goti litakudai baada ya kilomita sitini. Kwa hiyo unamvua mteja soksi, unapapasa mfupa ulio kwenye shina la kidole gumba, unatia alama ya wino. Unapapasa wa kidole cha mwisho, unatia alama. Mstari wa kati ya alama hizo ndio bwana, kliti inaufuata, wengine wote watumwa. Skrubu unazikaza kidogo kidogo kwa zamu, tena zipakwe grisi, maana jasho la Doha na chumvi ya pwani yake hula chuma huku unaona. Na kliti nyingi za mji ule, nawaambia, hazifi barabarani. Zinafia kwenye marumaru za migahawa, wenyewe wakienda kunywa kahawa kwa madaha.

Rey alinikataza kumfungia mtu viatu kabla sijavivaa mwenyewe. Nikavivaa. Nikapanda baiskeli nyuma ya duka, miguu ikanasa, kha! moyo ukaruka kwa furaha, nikazunguka maegesho mara tatu nikijiona bingwa. Sasa nikataka kusimama. Ili kujinasua unapinda kisigino kwenda nje, na nilikuwa nimeambiwa, ila kichwa changu kiliamua kuvuta juu, kama mtu anayetoa mguu kwenye tope. Nilianguka taratibu sana, nikiwa na muda wa kuwasalimia waliokuwa wanakula shawarma pembeni. Wote waliitikia. Rey alikuja akanisimamia juu ya kichwa akasema, "Vizuri. Sasa unajua wateja wanaogopa nini."

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa la mshona ngozi, na mtu asiyetoka kwenye makubadhi asingelifanya. Ngozi unamvisha mtu ikimbana, kwa sababu itaachia. Baada ya wiki mbili inamjua. Basi mimi kila mteja akisema "kinabana," namjibu kwa raha zangu, "Kitaachia, inshallah." Miezi miwili nilitembeza neno hilo. Wa kwanza kurudi alikuwa Bu Jasim, yaani Baba Jasim, mkubwa wa kikundi cha waendesha baiskeli wa Ijumaa, mtu mnene kiasi, mcheshi, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Aliingia akiwa pekupeku, viatu mkononi.

"Ya Seif! Mguu wangu umekufa Al Wakrah!"

"Pole sana, Bu Jasim. Umekufaje?"

"Umekufa wallahi! Vidole sivisikii! Nimefika bandarini nikashuka, nikaangalia chini nihakikishe bado ninavyo. Wewe ulisema kitaachia. Kitaachia lini? Nikizikwa?"

Rey alicheka mpaka miwani ikakatika uzi. Kisha akanigongea soli ya kaboni kichwani, taratibu, tok tok. "Hii haikujui," akasema, "na haitakujua kamwe." Niliona aibu siku nzima. Lakini nilipoutazama mguu wa Bu Jasim niliona kitu ambacho Rey hakukiona. Mguu ule ulikulia kwenye kandambili za ngozi, tangu utotoni, mwaka mzima, kama miguu ya Tanga. Ulikuwa umetanuka mbele kwa uhuru wake. Viatu vyetu vilitoka Ulaya, kwa watu waliofungwa buti tangu kuzaliwa. Nikamwambia Rey kwamba tukikaza kutafuta urefu tunajidanganya, Waqatari tuwapime upana kwanza. Akaniachia kiti chake cha kupimia. Tangu siku hiyo Bu Jasim hakupimwa na mtu mwingine, na kila aliyemleta alimtambulisha kwa maneno yaleyale: "Huyu ndiye aliyeua mguu wangu. Fundi mzuri sana."

Miaka ikapita hivyo. Zikaja soli zinazolainika kwenye moto: unaweka kiatu kwenye kijioveni mpaka kaboni inakuwa laini, unamvisha mteja, kinachukua umbo la mguu wake, kinapoa, basi. Rey alizipenda sana. Alinifundisha nikashika, akastaafu akarudi kwao kufuga kuku, na mimi nikabaki na benchi, kijioveni na adui yangu kiyoyozi. Nililia uwanja wa ndege, naye akaniambia niache, nitalowesha fulana ya duka.

Nakato aliingia mwaka 2015, mwanzoni mwa Juni, joto likiwa limeshakaa kitako. Alifanya kazi kwenye ukumbi wa mazoezi wa hoteli jirani, akiwaendeshea wageni zile baiskeli zisizokwenda popote. Mama mmoja wa kikundi cha wanawake alimwona akikanyaga, akamwazima baiskeli ya kweli, na mwezi uleule Nakato akawaacha wote kwenye upepo. Sasa kulikuwa na mashindano ya kuchagua timu ya wanawake wanne wa kwenda kushindana nje ya Qatar. Yalikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Hoteli ilimpa Ijumaa moja tu kwa mwezi, naye ya mwezi ule aliiweka kwa mashindano hayo.

"Mzee," akaniambia, amesimama mlangoni, "mimi niko na siku kumi. Duka tatu zimekataa hii mguu. Kama na wewe unakataa, sema saa hii, nisipoteze muda ya watu."

"Sijauona bado, mwanangu. Kaa."

Akavua soksi. Alipokuwa na miaka mitatu alimwagikiwa uji wa moto. Mguu wa kushoto ulikuwa namba thelathini na nane, safi kabisa. Wa kulia uliishia thelathini na sita, mfupi, mnene mbele, na vidole vitatu vya nje vilishikana na kupanda juu kama vinachungulia. Akikaa kwenye kiti aliweza kukanyaga siku nzima. Lakini mbio huamuliwa mwishoni, pale mtu anaposimama juu ya pedali na kumwaga nguvu zote, na yeye akisimama, vidole vile viligonga ukuta wa kiatu na maumivu yakampanda mpaka kiunoni. Kila mara alikaa chini, kila mara akapitwa.

"Mimi si mvivu," akasema, na macho yakamjaa. "Naona tu wanapita."

Nawaambia ukweli, niliupenda mguu ule palepale. Miaka yote nilikuwa nikifunga viatu vya watu ambao wangeweza kuvaa cha mwenzao wasijue. Huu ulikuwa unataka fundi. Tulichukua cha kushoto kwenye jozi ya thelathini na nane, cha kulia kwenye jozi ya thelathini na sita iliyokuwa moja tu dukani. Tajiri wetu, mwenye duka, alituona, akakohoa, akaenda zake.

Nikakitia kijioveni, nikamvisha, nikaanza kusukuma kaboni kwa vidole gumba ili kuvijengea nafasi vile vidole vitatu. Nilipofika kwenye cha pili, kiatu kilikuwa kimeshakauka. Nikarudia. Kikakauka. Mara nne siku hiyo, mara tano kesho yake. Kwa mguu wa kawaida dakika moja na nusu inatosha, kwa ule nilihitaji tano. Akisimama kwenye baiskeli ya majaribio, anakunja uso. "Bado, Mzee." Siku tano zikaisha hivyo, na mimi nikaanza kukosa hamu ya kula, jambo ambalo watu wa chumba chetu kule mtaa wa Muaither walilitangaza kwa majirani.

Siku ya sita nilichukua gari jeusi la duka nimpelekee viatu hotelini ajaribu wakati wa mapumziko yake. Adhuhuri ikanikuta njiani. Nikaegesha juani, nikaweka viatu juu ya dashibodi, na ili visidondoke nikavikandamiza kwa hotpoti yangu ya pilau. Nikaingia msikitini. Nikaswali, nikaomba dua ndefu kidogo kwa ajili ya mguu wa Nakato, nikasalimiana na watu. Nilipofungua gari, kiatu cha kulia kilikuwa kimelala kwa unyenyekevu chini ya hotpoti, na hotpoti imekaa ndani yake kama imezaliwa humo.

Nilirudi dukani mbio kama mwizi. Wambui alikuwa kwenye kaunta.

"Woi! Mzee Sefu, umefanyia kiatu nini? Hii si kiatu tena, hii ni sufuria!"

"Nyamaza, lete nyundo ya mpira."

"Ati nyundo? Na hiyo ndiyo pekee ya thirty-six! Ijumaa atavaa nini, masufuria?"

Nilijaribu kukinyoosha bado kikiwa laini, lakini pale chini ya kiyoyozi kilinikaukia mkononi kabla sijahesabu hadi mia. Nilikuwa nimemharibia mtu Ijumaa yake ya pekee kwa sababu ya pilau. Nikatoka nje na kiatu, kwa hasira, nikakirudisha kwenye dashibodi, nikafunga mlango, nikakaa kivulini kwenye ukingo wa njia. Baada ya kitambo nikakitoa, nikakinyoosha hapohapo kwenye joto. Kilinyooka. Nikakisukuma tena, kikakubali. Nikahesabu mia, mia mbili, mia nne, bado kinanisikiliza. Nikasimama pale peke yangu, jua la saa nane linanipiga utosini, nikapiga ukelele mpaka mlinzi wa jengo akaja kuuliza kama nimegongwa na gari.

Mnaona? Miaka yote tuliilaumu oveni. Mkosaji alikuwa kiyoyozi! Dukani kaboni inatoka kwenye moto na kuingia kwenye baridi, inashtuka, inakauka. Nje, joto la Juni lenyewe linaibembeleza. Kazi ile haikutaka benchi, ilitaka maegesho.

Kesho yake, saa saba mchana, Nakato akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya maegesho ya Al Sadd, amevaa soksi mbili, na mimi nikatoa kiatu kwenye dashibodi kwa kitambaa kama mama anayetoa mkate.

"Gusa kwanza. Moto?"

"Moto."

"Moto wa kiasi gani?"

"Kama chai."

"Chai ya kumiminwa sasa hivi, au chai iliyosahauliwa?"

Akafikiri. "Imesahauliwa kidogo."

"Basi vaa."

Nikapiga magoti kwenye lami, nikaanza. Jua lilikuwa halina huruma. Wambui alitushikia mwavuli mpaka wateja wakamwita ndani. Nikahisi kivuli kimerudi, nikadhani ni yeye, kumbe ni Bu Jasim, kanzu nyeupe, ameshika mwavuli wa maua wa Wambui, jasho linamtiririka masharubuni.

"Ya Seif, unamuua na huyu?"

"Huyu namfufua, Bu Jasim. Shika vizuri, mkono wako unateremka."

Akashika vizuri. Dereva mmoja wa kupeleka chakula akasimamisha pikipiki yake kutoa ushauri, mlinzi akaleta maji, na mtu mmoja nisiyemjua mpaka leo akawa anahesabu dakika kwa sauti. Nilikijengea nafasi kidole cha kwanza, cha pili, na kwa mara ya kwanza nikafika cha tatu kaboni ikiwa bado laini. Nilikipa kijumba chake, nikakilainisha kingo kwa mpini wa kijiko. Tulifanya hivyo michana mitatu mfululizo, kila siku tukirekebisha kiasi cha unywele. Alhamisi alisimama kwenye pedali za baiskeli ya majaribio, akafumba macho, akabaki amesimama muda mrefu. Nikamuuliza kama bado kinauma. Alinijibu tu, "Kesho, Mzee," akaondoka na viatu kifuani. Sikujua kama ni ndiyo au la, na usiku ule nililala kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa mbio za pikipiki, jua likichomoza kabla halijawa kali. Mizunguko kumi, wanne wa mbele ndio timu. Tulikuwa pale mimi, Wambui aliyeomba ruhusa kwa sababu ya jino lisilouma, na Bu Jasim aliyejipa kazi ya kupiga kelele. Mpaka mzunguko wa tisa Nakato alikuwa katikati ya kundi, wa saba, wa nane, kichwa chini. Wanawake waliokuwa mbele walikuwa na nguvu, tena wamezoea. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Kwenye kona ya mwisho kundi likapanuka, kila mmoja akaanza kusimama, na Nakato alikuwa bado amekaa. Nilishika mkono wa Bu Jasim nikaukamua.

"Simama," nikasema. "Simama, mwanangu!"

Akasimama. Yaani aliinuka juu ya zile pedali na hakukaa tena. Akampita wa sita, wa tano, Wambui anapiga vigelegele mpaka waamuzi wanageuka, Bu Jasim anaruka na kanzu yake, na Nakato akaupita mstari akiwa wa tatu, ameachwa nusu gurudumu tu na wa pili. Wa tatu! Ndani ya timu! Nilimkumbatia mtu aliyekuwa karibu nami, kumbe ni mwamuzi.

Wenzake wote wakapunguza mwendo, wakasimama, wakaanza kumwagiwa maji na kupigwa picha. Nakato hakusimama. Alituelekea kwa kasi ileile, mdomo wazi, machozi yanarushwa nyuma na upepo.

"Nakato! Yameisha!" nikapiga kelele. "Umeingia! Shuka!"

"Najua, Mzee!" akajibu akinipita. "Lakini haiumi! Haiumi! Wacha nizunguke tena!"

Na akaenda. Bu Jasim akanivuta bega kuniuliza amesema nini, na mimi, mwenye Kiarabu chote kile cha chuoni, nikamwelekezea njia kwa kidole tu. Tukasimama tukamngoja, wote watatu, mpaka akatokea tena kwenye kona ya mwisho, peke yake kwenye lami yote ile, amesimama wima juu ya pedali.